Kamanda Aliyemezwa na Kuku

Hadi leo nikipita mbele ya fundi wa viatu anapofungua mkebe wa gundi, ile harufu kali ikanipanda puani, husimama. Mafundi hudhani nina soli iliyobanduka, nami huona haya kuwaambia kwamba nimesimama kunusa tu. Lakini ninyi nitawaambia. Harufu ile hunirudisha Nyeri mjini, kwenye baraza ya duka la nguo ambako baba yangu alishona viatu miaka ile ya mwanzo mwanzo ya uhuru, na hunikumbusha kosa nililomtendea kaka yangu Gachanja nikiwa na miaka kumi. Nalisema sasa bila wasiwasi kwa sababu wote waliohusika walikwisha kunisamehe, isipokuwa kuku mmoja, na huyo hakupewa nafasi.

Kosa lenyewe lilihusu kifaru cha vita. Kilikuwa cha plastiki, urefu wake kama kiatu cha mtoto anayeanza kutembea. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimpa Gachanja sanduku lake kama zawadi ya kuwa wa kwanza katika mtihani wa darasa la saba. Ndani hamkuwa na kifaru. Mlikuwa na vipande, vingi ajabu, vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama matunda ya kahawa kwenye tawi, na karatasi ya michoro yenye nambari, na kitubu cha gundi kisichozidi kidole changu. Gachanja alitumia likizo nzima ya Desemba kukata vipande hivyo kwa wembe na kuviunga. Gundi aliipaka kwa ncha ya sindano, ulimi nje, na mimi nilikatazwa kupumua karibu na meza. Nilikuwa nikienda kupumulia mlangoni, nikirudi tena kutazama.

Kilipokamilika alikiweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kile kitambaa cha mama cha kufuma, kando ya redio. Kilikuwa cha kijani, kinang'aa, na juu ya tundu lake alisimama kamanda, mtu mdogo asiyefika hata ukubwa wa punje ya mahindi, kifua mbele. Kisha Gachanja akakaa kumngoja baba. Hakusema anamngoja, lakini nyumba nzima tulijua. Baba alipigana Burma, huko Asia, katika Vita Kuu ya Pili. Alitembea kwa miguu nyuma ya vifaru halisi, na jambo hilo Gachanja alikuwa amelitangaza kwa kila mtoto wa Ruring'u, mtaa wetu, ingawa baba mwenyewe hakuwahi kulisimulia. Ukimuuliza habari za vita alijibu, "Tulitembea," akamaliza.

Baba aliingia, akanawa mikono, akakiona kifaru. Akakisogelea, akakitazama, akaangua kicheko.

"Hii bado iko dukani!" akasema, akaenda kunywa chai.

Kicheko hakikuwa kibaya, naapa. Lakini Gachanja alitoka nje akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha pasuliwa, akazipasua tena mpaka zikawa njiti. Alitaka neno moja tu kutoka kwa baba: kwamba kazi ni nzuri. Hakulipata. Mwezi wa kwanza akaenda shule ya bweni upande wa Kangema, na kila barua aliyotuandikia ilimalizika hivi: "Wasalimieni wote. Wambui asiguse kifaru changu."

Wambui ndiye mimi. Nami nilivumilia muhula mzima wa kwanza bila kukigusa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunipongeza kwalo. Muhula wa pili nikapata wazo. Nikajiambia hivi: ikiwa baba amekicheka kifaru kwa sababu kinakosa kitu, basi nitamuuliza kinakosa nini, nikitie, na Gachanja akirudi mwezi wa nane atalikuta neno lake likimngoja. Mnaona jinsi nia yangu ilivyokuwa safi. Nikakifunga kifaru ndani ya sweta, nikakitia kwenye mfuko wa vitabu, na baada ya masomo nikaenda nacho barazani kwa baba, ambako kila siku nilimngoja turudi nyumbani pamoja.

Nikakiweka juu ya kile chuma chake cha miguu mitatu cha kugongea viatu. "Baba, hiki kimekosa nini?"

Hapa sharti niwaeleze kitu. Nyumbani tulizungumza Kikuyu. Lakini habari za vita baba alikuwa nazo kwa Kiswahili tu, Kiswahili cha jeshini, ambacho hakina tafadhali wala samahani. Nilikuwa sijawahi kumsikia akikisema kwa kirefu. Alikitazama kifaru, akaweka chini kiatu cha mteja, na sauti yake ikabadilika.

"Kifaru gani safi namna hii? Hii ni ya paredi. Ile ya vita iko na mizigo! Watu nakaa ndani miezi tatu. Blanketi iko wapi? Sufuria iko wapi? Wanakula hewa?"

Basi tukaanza. Mteja akija, kifaru kinaingia chini ya benchi. Mteja akienda, kinatoka. Baba alichukua kipande cha ngozi akakichonga kwa kisu chake mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, akakiviringisha, akakifunga mikanda miwili: hayo yakawa mablanketi. Vile vipete vidogo vya bati vinavyotiwa kwenye tundu za kamba za viatu, tuliviziba chini kwa ngozi vikawa masufuria. Uzi uliopakwa nta wa kushonea soli ukawa kamba ya kuvutia kifaru kikikwama. Mimi nilitafuta vijiti vilivyobaki kwenye sanduku la Gachanja, nikakipasha kimoja moto kwenye jiko la mwuza mahindi wa jirani, nikakivuta taratibu, kikarefuka kama ulimbo mpaka kikawa chembamba kama unywele. Tukakikata, kikawa waya wa redio. Baba alifurahi sana kwa ule waya. Aliugusa kwa kidole, ukatikisika, akaugusa tena.

Na kila kitu tulichokiweka kilikuja na maneno yake. Nilijua kwamba askari wa miguu walipenda kukanyaga mahali minyororo ya kifaru ilipopita, kwa sababu hapo matope yalikuwa yamekandamizwa. Nilijua kwamba wale wa ndani walichemsha chai kwenye debe, na wakiwa na roho nzuri walikupa kidogo. Nilijua kuhusu Mutua, rafiki wa baba kutoka Ukambani, aliyekuwa akitundika soksi zake karibu na bomba la moshi zikauke, mpaka siku moja kifaru kikaondoka nazo na Mutua akakikimbilia pekupeku, akikitukana kwa Kikamba. Baba alicheka mpaka akafuta macho. Akachonga soksi mbili za ngozi, ndogo kuliko kucha yangu, akazitundika nyuma kwenye bomba.

"Na sasa Mutua yuko wapi?" nikauliza.

Baba akachukua kiatu cha mteja, akaanza kukishona. Siku hiyo hatukuendelea na kifaru.

Ajali ya kwanza ilitokana na haraka yangu. Uzi ulikuwa haushiki mablanketi vizuri, na baba alikuwa akijadiliana na mama mmoja kuhusu visigino. Gundi ya viatu ilikuwa palepale mbele yangu, ile ile inayoshika ngozi hadi ukiivuta unavunjika mkono. Nikafikiri, hii ndiyo. Nikapaka kwa wingi juu ya kile kibawa cha nyuma kinachofunika mnyororo. Jamani! Plastiki ilianza kulainika mbele ya macho yangu. Ikakunjamana, ikalegea, ikainama kama sikio la mbuzi. Nikapiga yowe hata yule mama akaacha visigino vyake akashika kifua.

Akilini nilimwona Gachanja na wembe wake na ulimi wake nje. Nikalia kwa sauti. Baba akakichukua kifaru, akakigeuza huku na huku, kisha badala ya kukinyoosha kibawa akakibonyeza kwa dole gumba kikazidi kupinda.

"Mti," akasema.

"Mti gani, Baba?"

"Burma iko na miti. Kila kifaru nagonga miti. Sikuona hata moja yenye mabawa nzima." Akafikiri kidogo, akachukua gundi, akaupinda na upande wa pili mbele. "Hii ni jiwe." Halafu akafunga mkebe, akauweka mbali nami. "Lakini gundi ya ngozi ni ya ngozi. Umesikia?"

Nilisikia. Ndiyo maana tulipofika kwenye matope tulitafuta kitu kingine. Baba alishikilia kwamba bila matope kazi yote ni bure. Akanionyesha kwa kidole mahali pa kuyaweka: mengi chini kwenye magurudumu, yakipungua kadiri yanavyopanda, na karibu hakuna juu, ila alama za viatu pale watu wanapokwelea. Udongo wetu mwekundu ulifaa kabisa, lakini ukikauka ulibanduka. Nikakumbuka kwamba shuleni tulibandika picha kwa uji mzito wa unga wa ngano. Nikapika uji huo, nikauchanganya na udongo wa Ruring'u na rangi nyeusi ya viatu kidogo, na Jumamosi nikakipaka kifaru kama nilivyoagizwa. Kilipendeza! Hata kamanda nilimbandua, maana baba alisema kamanda anayesimama kifua mbele hivyo hafiki jioni. Nikamzamisha ndani ya tundu abaki kichwa na mabega, nikamshikiza kwa uji uleule.

Mnaoijua Nyeri ya mwezi wa saba mnajua jua lake. Linatoka kama mgeni asiyetaka kuketi. Siku hiyo lilichungulia saa sita, nami nikakimbia kukianika kifaru kwenye ngazi ya jikoni, kisha nikaenda kumtelekea mama maji. Niliporudi, kuku watatu walikuwa wamekizingira. Unga ni unga. Kuku hajali umechanganywa na Burma. Walikuwa wakidonoa matope kwa bidii, kichwa juu, kichwa chini, na nilipowarukia nikamwona yule mwekundu asiye na mkia akinyoosha shingo na kumeza kitu kigumu kilichompa taabu kupita.

Nikatazama tundu. Kamanda hayupo.

Nilimfukuza kuku yule kulizunguka boma mara nne, nikiwa na mawazo ya kumtapisha. Mama alitoka akanikuta nimemkumbatia kichwa chini, namtikisa. "Wambui, huyo kuku amekukosea nini?" Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, juu ya matope yangu yaliyosalia.

Jumatatu baba alikikagua kifaru. Matope yalikuwa yamebaki mapande mapande, mengine yamebanduliwa hadi plastiki, mengine yana vijishimo vya midomo. Alitia ncha ya kidole kwenye kijishimo kimoja. "Hii imekuwa vizuri zaidi," akasema hatimaye, kwa mshangao wa kweli. "Matope naanguka hivi hivi. Na hapa, kama risasi." Kuhusu kamanda alisema ameingia ndani kujikinga na mvua.

Sasa nikiri lile lililo zito. Kufikia wakati huo nilikuwa nimemsahau Gachanja. Sikukusudia, lakini nilimsahau kabisa. Kifaru kilikuwa kifaru changu na baba. Nilikuwa nikitoka shule mbio, nikiwapita wenzangu, kwa ajili ya ile saa moja na nusu barazani, na sikutaka likizo ije.

Ikaja. Mwezi wa nane Gachanja alifika Ijumaa jioni, na bahati mbaya akamkuta Koplo Barasa sebuleni. Koplo alikuwa polisi kutoka Bungoma, jirani yetu, mteja wa baba wa buti. Baba alikuwa amemwita makusudi aje aone kifaru. Gachanja akasimama mlangoni, sanduku lake la bati bado begani, na maneno ya kwanza aliyosikia nyumbani kwao yalikuwa haya ya baba, kwa sauti kubwa:

"Sasa hii ndiyo kifaru! Angalia soksi. Angalia waya. Ni Wambui ametengeneza!"

"Ai! Huyu mtoto ni fundi kabisa," Koplo akasema. "Huyu aende jeshi."

Gachanja alishusha sanduku. Akaamkia wote kwa heshima, akakitazama kifaru chake chenye madoa ya udongo na mabawa yaliyopinda, akauliza swali moja tu, polepole: "Kamanda yuko wapi?"

"Amemezwa na kuku," nikasema.

Koplo Barasa akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Gachanja hakucheka. Alitoka, na nilipomfuata nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni, ameshika shoka asilolitumia.

"Nilikitengeneza mwezi mzima," akasema bila kunitazama. "Baba akakicheka. Wewe umekipaka uji, baba anaita majirani." Kisha akasema kitu ambacho kilinichoma kuliko kama angenipiga: "Si ungeningoja tu, Wambui. Tukifanye sisi watatu."

Nililia, naye akanitazama nikilia kwa ile subira ya wakubwa, akanipa mkono wa sweta lake nijipanguse. Mama alikuwa dirishani. Usiku huo sikusikia alichomwambia baba, lakini Jumamosi jioni baba alitoa hukumu: yule kuku mwekundu achinjwe Jumapili kwa ajili ya Gachanja, mgeni wa nyumba, kwanza kwa kuwa mgeni amefika, pili kwa kuwa kuku ni mwizi.

Jumapili baada ya kanisa, mama alipokuwa akipasua firigisi kuiosha, tulimsikia akiita jina la Bwana. Katikati ya kokoto na mahindi alilala kamanda. Rangi ilikuwa imekwisha, uso umesagwa ukawa laini kama yai, lakini mabega yalikuwepo. Mama alimwosha kwa sabuni mara tatu akampa Gachanja. Gachanja akamshika kwenye kiganja, midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani atalia. Kumbe ni kicheko. Tulicheka wote wawili mpaka tukashikana.

Kwenye chakula, baba alikileta kifaru mezani. Akakipindua magurudumu juu, tumbo lisilopakwa matope likawa wazi, akavaa miwani yake ya kazi. Alipitisha ukucha kwenye ule mshono mrefu ambapo pande mbili za kifaru zimeungwa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyofanya kwa kiatu cha fundi mwingine.

"Hapa aliunga nani?"

"Mimi, Baba," Gachanja akajibu.

"Gundi haikutoka nje."

Basi. Kisha mama akaleta nyama. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba, na hapakuwa na mtoto aliyeiota hata kwa ndoto. Baba akaichukua kutoka sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Gachanja, akasema, "Kula." Gachanja aliinamisha kichwa akaila polepole sana, kipande kwa kipande. Mimi nilipewa shingo.

Nilinuna siku mbili. Majuma yote yale ya kazi, ngozi, waya, matope, halafu shingo! Na kaka anapewa firigisi kwa sababu gundi haikutoka nje? Sikujua kwamba fundi wa viatu hutazama jambo hilo kabla ya mengine yote, na kwamba baba, katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kumwambia fundi mwenzake maneno yale. Gachanja alijua. Alikuja kuwa mhandisi, ana wajukuu sasa, na bado husimulia habari ya gundi haikutoka nje kama watu wanavyosimulia harusi zao.

Neno langu kutoka kwa baba lilinichukua miaka mingi zaidi kulitambua. Tulipomzika baba, jioni watu walipotawanyika, Gachanja aliniuliza kama najua chochote kuhusu Burma, kwa sababu yeye alipomuuliza mzee hadi siku za mwisho alijibiwa "Tulitembea" tu. Nikamwambia, kama kitu cha kawaida, habari ya Mutua na soksi zake. Gachanja akanitazama. "Mutua ni nani?" Nikamgeukia mama, naye akatikisa kichwa, hakuwahi kulisikia jina hilo. Ndipo nilipoelewa kwamba vita vizima vya baba vilikuwa vimeachwa kwangu peke yangu, mtoto wa miaka kumi aliyekasirika kwa kupewa shingo ya kuku. Nikavuta kiti karibu na kaka yangu nikaanza kumsimulia, kwa Kiswahili kilekile cha baba, na sikuruka hata siku moja.